Vitabu Vilivyokuwa Malishoni

Habari ilimkuta Ng'washi akiwa na sindano mdomoni. Alikuwa anapinda shati la sare ya shule kwenye kibanda chake cha ushonaji, pale soko la Mpanda, na wateja kwenye benchi walikuwa wanamhimiza amalize kabla mvua haijarudi. Mwaka huo wa tisini na nane mvua ilikuwa haichoki kunyesha. Lori la mchele likasimama ng'ambo ya barabara. Dereva wake, Thadei, akateremka bila kuzima injini, akaja mpaka mlangoni, akavua kofia.

"Dada Ng'washi," alisema, "toa kwanza hiyo sindano."

Aliitoa. Alishajua. Hakuna anayekuambia utoe sindano mdomoni kwa habari ya kawaida.

"Mzee ametutoka. Kule Kibaoni, zahanati, alfajiri. Malaria ilimpanda kichwani. Manyanda, yule mfugaji rafiki yake, amebaki na mwili. Nashusha mzigo, narudi kumchukua."

Ng'washi hakupiga yowe. Aliifunika cherehani kwa kitambaa kama afanyavyo kila jioni, akawaambia wateja, "Nisameheni, nimefiwa na baba," akashika njia ya mtaa wa Makanyagio kumwambia mama yake. Njiani alisali. Alimshukuru Mungu kwa baba aliyempa, akamwomba ampokee. Katikati ya sala likamwingia swali ambalo alilionea aibu, lakini halikumwacha mpaka nyumbani: vile vitabu viko wapi?

Maana baba yake, Mzee Machibya, alikuwa mtunza maktaba ya kanisa. Na siku aliyokufa, nusu ya rafu za maktaba hiyo zilikuwa tupu, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua vitabu vyake vyote vilikokwenda.

Machibya hakuzaliwa na vitabu. Alizaliwa Usukumani, akalelewa na ng'ombe, na miaka ya themanini akahamia huku akiwaswaga mbele yake mpaka mbuga za Mpimbwe, karibu na Kibaoni. Kusoma alijifunza akiwa na ndevu, kwenye kisomo cha watu wazima, na ubatizo aliupata baada ya hapo, akaitwa Methusela. Jina hilo lilitumika kanisani tu. Kwingine kote alikuwa Machibya, mwenye ng'ombe.

Sasa, kwa Wasukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi moja. Wengine anawakabidhi kwa ndugu, wengine kwa rafiki wa mbali, wengine kwa mtu asiye na hata mbuzi. Aliyekabidhiwa anakunywa maziwa na samadi anaimwaga shambani kwake. Ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Haandikiani mtu. Mwenye mali anamjua kila ng'ombe kwa rangi na mabaka yake, na aliyekabidhiwa anamjua aliyemkabidhi, basi. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, haumalizi mali yote.

Machibya aliyajua hayo tangu utoto, na bado alikosea. Alipofika Mpimbwe akaona majani yamemfika kiunoni, akawakusanya ng'ombe wake wote kutoka kwa watu akawaweka pamoja. "Nilitaka niwaone wote kwa jicho moja," alikuwa anasema baadaye. Aliwaona hivyo misimu michache. Kisha wakaingiliwa na ugonjwa wa mbung'o, na waliobaki wakamalizwa na ndigana, homa ya kupe. Mzee akabaki na fimbo.

Alikuja Mpanda mjini kwa binti yake, akiwa amepita miaka hamsini. Alikaa nje ya nyumba akitazama barabara, na Nyanzala, mkewe, akaanza kuogopa kwamba atakufa pale pale kwenye kigoda. Mchungaji Enoka ndiye aliyemwinua. Kanisa lilikuwa na chumba karibu na stesheni ya reli, na makasha ya vitabu yalikuwa yameletwa humo kwa treni kutoka kwa wafadhili. Alitakiwa mlinzi.

"Machibya," Nyanzala alimwambia siku ya kwanza, "ulikuwa unalinda ng'ombe dhidi ya simba. Sasa unalinda makaratasi dhidi ya nani? Panya?"

"Na mchwa," alijibu mzee, akivaa viatu. "Mchwa ni mbaya kuliko simba. Simba akila mmoja anashiba."

Mlinzi gani anakaa siku nzima na makasha yaliyofungwa? Aliyafungua. Aliomba mbao, akagonga rafu, akavipanga vitabu kwa njia pekee aliyoijua: vyekundu kwa vyekundu, vya bluu kwa vya bluu, vyenye mabaka upande wao. Mwanafunzi wa kwanza kuingia akapata taabu.

"Shikamoo, mzee. Naomba kitabu cha hesabu."

"Marahaba. Cha rangi gani?"

"Rangi siijui, mzee. Najua ni cha hesabu."

"Sasa mtu anatafuta ng'ombe hajui rangi yake, mimi nitamsaidiaje?"

Habari hiyo ilizunguka mji mzima. Sokoni walimwita mchunga makaratasi, na Ng'washi akiwa kibandani aliisikia ikisimuliwa na watu wasiojua kwamba yeye ni binti yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini hakuishia kwenye kucheka. Mchungaji Enoka alipopata barua ya semina ya watunza maktaba Tabora, Machibya aliomba aende yeye. Alipanda treni na begi la mkewe. Kule alikuta vijana tu, na mwalimu akamdhania ni mzazi aliyemsindikiza mtoto. Akakaa benchi la mbele. Aliporudi alivishusha vitabu vyote sakafuni, akavibandika namba mgongoni, akavipanga upya kwa somo, akiimba nyimbo za kuswaga ng'ombe. Miwani yake ilikuwa kubwa mno, inateleza puani. Ng'washi akaifungia lastiki ya kushonea sketi, ikakaa.

Hapo ndipo Ng'washi alipoanza kumtazama baba yake kwa macho mengine. Alikuwa amemjua tajiri wa ng'ombe, na alikuwa amemwona maskini wa kigoda. Huyu wa tatu hakuwa amemtegemea. Kuna jioni alimpelekea chai maktaba akamkuta ameinama juu ya meza na binti mmoja wa sekondari, wanatafuta pamoja neno kwenye kamusi, kidole chake kizee kinapanda na kushuka, na uso wake ni ule ule aliokuwa nao zamani ng'ombe alipozaa.

"Njoo ng'wanawane," alimwambia baada ya binti kuondoka. Ndivyo alivyomwita alipotaka kumkumbusha kwamba ni mwanawe. "Njoo nikufundishe kazi hii. Wewe umesoma mpaka kidato cha nne, mimi nimesoma chini ya taa ya chemli."

"Baba, mimi ni fundi wa nguo."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Ng'washi alicheka, akachukua kikombe, akarudi kwa cherehani yake. Alikuwa na kazi yake na aliipenda. Swali lile hata hivyo lilikuwa linamrudia anapokata kitambaa.

Msimu mmoja wa mvua mchwa wakapanda ukutani, wakala rafu nzima kabla mtu hajagundua. Ukishika kitabu unabaki na jalada. Machibya alikaa juu ya kasha siku nzima, jalada tupu mkononi. Alikuwa ameyaona hayo kwa ng'ombe. Mali yote, zizi moja, adui mmoja.

Kesho yake akaanza kuvikabidhi. Alifunga kasha la mbao nyuma ya baiskeli, au akaomba kulipandisha kwenye malori, akapeleka vitabu Sitalike, Kibaoni, Ikola na Kapalamsenga huko ziwani. Hakuviacha ofisini wala kwa mkubwa yeyote. Aliviacha majumbani, kwa watu aliowaamini, kama baba yake na babu yake walivyoacha ng'ombe kwa watu. "Maziwa ni yako," aliwaambia. "Soma, wasomee majirani, wape watoto wasome. Ila ng'ombe ni wa kanisa." Baada ya miezi anazunguka kuvitazama, anavibadilisha, cha Ikola kinakwenda Kibaoni, cha Kibaoni kinapanda ziwani. Walioazima pale chumbani aliwaandika kwenye daftari kama alivyofundishwa Tabora. Waliokabidhiwa hakuwaandika. Nani aliwahi kumwandika mtu aliyemkabidhi ng'ombe?

Hilo ndilo lililomletea maneno. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba alikuwa Mzee Leonidas, mwalimu mstaafu, mtu safi, mwenye haki ya kuuliza. Jumapili moja baada ya ibada, Ng'washi akiwapo, aliuliza.

"Mzee Machibya, mimi sikushitaki. Lakini nimeingia pale jana, rafu ni tupu."

"Mwalimu, ukikuta zizi tupu saa nne asubuhi, unapiga yowe?"

"Mimi si mfugaji."

"Basi nikujulishe. Wako malishoni."

Wazee wakacheka, Leonidas naye akacheka, ila hakuacha. "Malishoni kwa nani? Wafadhili wanakuja baada ya Pasaka, watataka kuhesabu. Wasipoviona watasema tumeviuza, na kanisa litafunga kile chumba liweke saruji ya ujenzi. Nipe majina tu."

"Majina ninayo hapa," Machibya akagusa kichwa chake. "Nitazunguka mwenyewe, niwaambie wavilete vihesabiwe. Naanza na Kibaoni."

"Barabara imekatika, baba," Ng'washi alisema. "Subiri mvua ipungue."

"Mvua hii? Tutasubiri mpaka Yesu arudi."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho. Alikwenda, akalala kwenye nguo mbichi njiani, homa ikamkamata Kibaoni.

Lori la Thadei lilirudi na mwili siku iliyofuata, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Uani kulikuwa kumetandazwa turubai, wanawake ndani, wanaume nje. Manyanda aliteremka kwanza, mfugaji mrefu wa Kibaoni, amevaa koti zito la mvua, na nyuma yake watu wengine wachache wa njia ile. Wakashusha jeneza. Kisha wakashusha baiskeli, na kasha la mbao.

Ng'washi alilifungua mwenyewe. Lilikuwa na Biblia ya baba yake, shati, na miwani yenye lastiki. Kitabu cha maktaba hakikuwamo hata kimoja.

"Baba Manyanda," alimwuliza kwa sauti ya chini, "alikuja kwenu kwa ajili ya vitabu. Viko wapi?"

Manyanda alitazama chini. "Tumzike kwanza mzee, binti yangu."

Jibu hilo lilimchoma. Aliingia ndani akakaa kwenye mkeka kando ya mama yake. "Mama, hawataki hata kuvitaja. Baba atazikwa akiitwa mpotezaji."

Nyanzala alikuwa amechoka kwa kulia, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Wewe umekulia bweni, kuna mambo hukuyaona. Watu wana mahali pao pa kusemea. Ngoja."

Alasiri Mzee Leonidas alimwita nje. Alikuja kwa heshima, kofia mkononi, na tayari alikuwa amemwomba Mchungaji Enoka apeleke taarifa ya msiba Ikola kwa redio ya upepo.

"Binti yangu, nimesema na wazee. Hatutaki jina la mzee liguswe. Tutaandika kwamba vitabu viliharibiwa na mvua, tumsamehe, chumba tukifunge. Yaishe."

Alikuwa anatoa alichokuwa nacho, na Ng'washi aliliona hilo. Lakini aliona pia kwamba msamaha ule ungemfuata baba yake kaburini zaidi ya tuhuma yenyewe. Anayesamehewa ni lazima awe alikosa.

"Asante, mwalimu," alisema. "Ila baba hahitaji kusamehewa. Baba alisema viko malishoni. Nami nasema hivyo hivyo mbele yako na mbele ya Mungu. Nipe mpaka tumzike."

"Na ukishamzika, utavipata wapi?"

"Sijui. Najua alikuwa hasemi uongo juu ya mifugo."

"Haya, mpaka tumzike," alisema Leonidas, akarudi kukaa na wanaume.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha asubuhi, kisha ikakatika. Lori la dagaa liliingia kutoka Ikola, na watu wa ziwani wakashuka wakiwa wamelowa, mbele yao Pudensiana, mama mnene anayeanika dagaa kule ufukweni. Jeneza lilitolewa likawekwa juu ya meza uani. Mchungaji Enoka alisali, akasema maneno machache, kisha akauliza kama inavyoulizwa kila msiba: kama kuna mtu anayemdai marehemu, au anayeshika mali ya marehemu, aseme sasa, mbele yake.

Manyanda akasimama. Alifungua koti. Kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya shati, kulikuwa na vitabu.

"Nyie mliokusanyika hapa, mimi ni Manyanda wa Kibaoni," alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Mzee Machibya alinikabidhi. Ninao wake watatu. Mmoja mwekundu, ana doa mgongoni. Mmoja wa kijani. Mmoja mweupe, sikio lake limekatika, nilimpokea hivyo. Maziwa nimekunywa. Wanangu wawili wanajua kusoma kwa ajili yao. Mwenyewe amelala, nasema mbele yake: ni wake, si wangu."

Akaviweka juu ya meza, kando ya jeneza, akarudi nyuma hatua moja.

Ng'washi alishika mkono wa mama yake. Nyanzala hakumtazama. "Si nilikwambia?" alinong'ona. "Mali ya mtu haisemewi jikoni. Anaambiwa mwenyewe, akiwa bado juu ya ardhi."

Wakasimama mmoja mmoja. Mzee wa Sitalike alikuwa na wa bluu. Kijana wa Kapalamsenga alikuwa na mkubwa mwenye picha za mimea, na akasema mahindi ya kijiji chao mwaka ule yalitoka humo. Mwanamke mmoja alileta jalada na kurasa chache, akalia kwamba mbuzi aliingia ndani. "Wa kwako ameliwa na mbuzi," mtu akasema nyuma, "huyo ndiye wa kwanza kuliwa na mbuzi tangu ng'ombe waumbwe," na watu wakacheka, hata yeye akacheka na machozi yake. Pudensiana alifungua kanga, akaviweka vyake, harufu ya dagaa ikasambaa uani.

"Nisameheni kwa harufu," alisema. "Tunasomeana pale pale tunapoanika. Yeye mwenyewe alikuwa anasema wa Ikola anawajua akiwa amefumba macho."

Mzee Leonidas alikuwa amesimama karibu na meza, kofia mkononi. Wala hakuhesabu. Si vyote vilivyorudi, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba si vyote. Lakini meza ilikuwa imejaa mpaka vingine vikawekwa kwenye kasha la baiskeli.

Manyanda akauliza swali ambalo lazima liulizwe. "Mwenyewe ameondoka. Sasa sisi tumjue nani?"

Kwa ng'ombe, jibu lingekuwa mtoto wa kiume, na Machibya hakuacha wa kiume. Wazee walitazamana. Nyanzala ndiye aliyesimama.

"Mjueni Ng'washi," alisema.

Watu wakageuka. Ng'washi aliona nyuso zile, za Kibaoni na za ziwani, zinamsubiri. Alifikiri kibanda chake, mashati yaliyokatwa na hayajashonwa. Akafikiri mtu wa miaka hamsini na kitu akipanda treni na begi la mkewe, akakaa benchi la mbele na vijana. Na mimi nilikuwa nani?

"Mzee Leonidas atavihesabu leo, kwa ajili ya wageni," alisema. "Wageni wakiondoka, rudini mvichukue. Maziwa ni yenu. Barabara ikikauka nitakuja kuwatazama, kila mmoja kwake. Ila mimi nitawaandika majina. Baba alikuwa na kichwa kikubwa kuliko changu."

"Amina," alisema Mchungaji Enoka.

"Amina," alisema Leonidas, kwa sauti kuliko wote.

Kisha wakambeba. Manyanda, Thadei, Leonidas na mtu wa Kapalamsenga walishika jeneza kwanza, wakapokezana na wengine njiani kwa sababu ya utelezi. Wanawake walifuata wakiimba. Kaburi lilikuwa na maji kidogo chini, vijana wakayachota kwa ndoo mpaka yakaisha. Mchungaji alisoma, akasali, wakamteremsha kwa kamba. Nyanzala alitupa udongo, kisha Ng'washi, kisha watu wa Kibaoni, kisha wa Ikola, kisha wengine. Wakafukia, wakachomeka msalaba wa mbao wenye majina yake yote mawili, Methusela Machibya. Waliweka maua. Sala ya mwisho ilisemwa na wote. Mvua ilianza tena, nyepesi, na watu wakarudi nyumbani kunawa mikono na kula.